Miaka Sita ya Kuzaliwa kwa Akongo

Jumatatu moja ya Februari 1964, saa mbili asubuhi, Akongo, mkulima wa upande wa Tororo, alifika kwenye kizuizi cha Busia na pombe ndani ya kibuyu. Hatua thelathini ng'ambo, upande wa Kenya, binti yake Akol alisimama amebeba mtoto mchanga. Kwa desturi yao Wateso, nyanya huchovya kidole katika pombe, akamtia mtoto mdomoni huku akitaja majina ya wazee. Jina litakalomfanya mtoto anyonye ndilo lake.

"Ulizaliwa mwaka gani, mama mzee?" aliuliza karani Phanuel.

Akongo alimgeuzia kibuyu. Alipozaliwa, mama yake aliwaomba wasafiri waliopita wauchore mwaka huo hapo. Mroma alichora 1540, mtawa 787, Mhabeshi 779, Mwarabu 171, Myahudi 4547, na Mgiriki 6295.

Phanuel hakushtushwa na umri. Wiki iliyopita alimvusha mchuuzi wa miaka mia tisa akitoka Majanji na samaki. Kilichomkera ni hesabu.

"Hapa mko wanawake sita," alisema. "Na wawili hamjazaliwa bado."

"Ni mwaka ule ule mmoja, bwana karani," alisema katekista Ofwono aliyekuwa nyuma kwenye foleni. "Mroma anahesabu tangu mji wake ujengwe, mtawa na Mhabeshi tangu Yesu azaliwe, kila mmoja kwa hesabu yake, Mwarabu tangu Mtume ahame, Myahudi na Mgiriki tangu dunia iumbwe."

"Dunia moja, na hao wawili wameshindwa kukubaliana iliumbwa lini?"

"Na nyinyi mulikubaliana na nani kuweka mti huu wa kufunga njia hapa?" aliuliza Akongo. "Mimi nalima huko tangu zamani."

"Mama, usinichokoze. Fomu ina nafasi ya mwaka mmoja."

"Andika moja basi, mutoto yangu."

"Nikiandika mmoja, nitakuwa nimewadanganya watano."

Foleni iliguna kwa heshima. Hoja ilikuwa nzito.

"Basi mimi nimlete mtoto huko!" Akol alipaza sauti.

"Sawa kabisa," alijibu Phanuel, akachukua fomu mpya. "Jina la mtoto?"

"Si ndilo tunalolitafuta!"

"Asiye na jina hapewi kibali."

Akongo aliketi kando ya kizuizi. "Nangoja tu," alisema. "Mimi iko na muda."

Kila Jumatatu huja na pombe mpya. Mwaka huu, 1970, mtoto ameanza darasa la kwanza. Mwalimu humwita Wewe, naye huitika.