Mashine ya Babu Ni Bure

Jua linaingia kwa tundu moja la msumari kwenye bati, linashuka kama uzi, na vumbi lako la chuma linacheza ndani ya ule uzi. Linameremeta. Miaka kumi na moja hujazunguka, mashine ya babu, na bado unameremeta.

Mrefu kuliko kitanda cha mama, mzito kuliko ng'ombe wanne. Babu Selestini alikununua kwenye karakana iliyofungwa, akakusimika hapa Bangwe, kando ya ziwa, uwanjani, ukawa unakereza vyuma vya injini za boti. Mvua ikaja, akakujengea kuta nne hapo hapo ulipo. Mlango akauacha upana wa mtu mmoja, tena mwembamba. Fundi aliyepima chuma kwa unywele hakupima mlango.

Nilienda Dar kusomea mitambo, mwaka wa tatu nikarudi na begi bila cheti, na wewe peke yako hukuniuliza kitu. Nilikuegemea tu, ubaridi wako mgongoni.

Mama kachoka, anataka chumba. Kasema Jumamosi watu wa skrepa wanakuja na mtungi wa gesi kukukata vipande. Kukukata wewe. Nikaomba siku tano, akanipa.

Nikapita mwaloni, boti zinapotia nanga, natangaza: mashine ya kukereza vyuma, nzima, njoo uitoe mwenyewe. Ni bure, na siyo utani.

Wakacheka. Nani aniamini? Ni mimi huyu huyu, mwaka jana ziwa limefungwa dagaa wazaliane, nikawaambia limefunguliwa mapema, watu wakabeba nyavu mbio mpaka majini. Sasa limefungwa tena, wamekaa mchangani mikono mitupu, na mimi naimba: ni bure, na siyo utani. Bariki, nahodha, akanijibu, "Wewe hata ukifa, tutasubiri siku tatu kwanza."

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Alhamisi nikakufuta vumbi kama anayemwosha mtu wake.

Ijumaa asubuhi, hodi. Marcelina, fundi wa injini kutoka Ilagala, oili kwenye kucha. Habari zako zilimfikia, na habari za uongo wangu pia. "Mwakeye," akanisalimu kwa kilugha, akanipita, akakushika. Akazungusha gurudumu lako kwa vidole viwili, akainamisha sikio. Na wewe, mzee wa watu, ukaitika.

"Kweli siyo utani?"

"Siyo utani, mama."

"Basi bomoeni ukuta."

Nikamtazama mama yangu. Mama akautazama ukuta wa baba yake. Akaingia ndani, akatoka na sululu, akapiga la kwanza yeye.

Ukuta ulipolia, mwaloni wote ukaja. Mtu hatanii kwa nyumba ya mama yake, Bariki akasema, na wakaleta magogo yale wanayoburutia boti. Mama akayamiminia mawese, dumu zima. Mikono iliyokosa nyavu ikapata kamba. Bariki akaanzisha wimbo wa kuvuta boti, sisi tukaitika, twende chuma, twende, na wewe ukatoka, mwekundu wa mawese, ukateleza kama bwana harusi aliyechelewa, twende chuma, twende, moyo wangu unapiga ngoma, twende.

Boti mbili zikafungwa pamoja kwa miti, kama zinavyofungwa msimu wa dagaa. Tukakupandisha. Zikazama, zikazama, ukabaki ubao wa vidole vinne juu ya maji. Zikaelea.

Jumamosi watu wa skrepa wakakuta tundu ukutani. Nikawaambia mashine imepanda boti kwenda Ilagala. Wakacheka sana, mimi na utani wangu.

Jana Marcelina kapiga simu, kaiweka tu karibu yako. Nikakusikia. Unanguruma vile vile, kwikwi yako ile ile kabla ya kushika kasi. Nikampa mama simu, naye hakuirudisha.

Tundu la ukuta tulitaka kuliziba. Mama kakataa, kasogeza kitanda pale. Asubuhi jua haliingii tena kama uzi, linaingia lote, linatukuta bado tumelala. Na nje, ziwa zima linameremeta, vipande vidogo vidogo, kama kuna mtu kule anakereza maji.