Kitita cha Mutembei

Wiki ya tatu sasa Murithi alikuwa akizunguka Embu mjini kutafuta nyumba, na kila alikobisha alikuta kodi ya kutisha au mlango wa kutisha. Mahali pamoja alionyeshwa chumba chenye kitanda kikubwa kuliko mlango, akaambiwa akikataa kitanda amekataa na chumba. Yeye mwenyewe angeendelea kujibanza kwa rafiki, lakini mama yake, Kathure, alikuwa akisafishwa damu kwa mashine hospitalini mara mbili kwa wiki, na safari za kutoka kwao Kangeta zilikuwa zinammaliza. Jumatatu iliyokuwa ikija ilikuwa zamu yake tena. Murithi aliogopa sana kumzika mama kwa kukosa pa kumlaza.

Ndipo akasikia habari za Mwalimu Njura, mstaafu mwenye vyumba viwili safi uani kwake, kodi nusu ya bei ya mji. Kasoro ilikuwa moja tu: mzee hakumwamini mpangaji asiye na watu. Alitaka mtu mzima wa ukoo aje kumdhamini ana kwa ana.

Basi Jumamosi Murithi akaja na mama yake, pamoja na mjomba wake Mutembei. Huyu Mutembei ni Mwigembe kindakindaki, Mmeru wa kule kwenye miraa. Hajawahi kwenda kuomba jambo zito mikono mitupu. Alikuja amekipakata kitita cha miraa kilichofungwa kwa majani ya mgomba na kamba, kile cha heshima hasa, akakiweka mezani kabla hata hajakaribishwa kiti.

"Mwalimu, tumekuja na ombi la huyu kijana wetu," akasema.

Mwalimu Njura alikuwa amefundisha mjini Maua, huko huko kwa Waigembe, miaka ishirini na miwili. Alijua kitita cha namna ile hupelekwa kuposa, na baba wa msichana akikifungua amekubali. Na binti yake Wambeti alikuwa na miaka thelathini na sita, hajaposwa hata kwa mzaha. Mzee hakungoja kisu. Alikata kamba kwa meno.

"Nimekubali," akasema, macho yamelowa. "Mmekawia, lakini nimekubali. Wambeti ni wenu."



"Mwalimu," Murithi akasema, "sisi tulitaka nyumba. Vile vyumba viwili."

Akamgeukia mjomba amwokoe. Mutembei alikuwa akiitazama ile kamba iliyokatika.

"Kimefunguliwa, mpwa wangu. Mimi siwezi kukifunga. Hata babu yangu hangeweza."

"Na nyumba hupati tena," Mwalimu akaongeza kwa upole. "Mkwe apange uani kwangu? Tukutane ukitoka bafuni na taulo? Nikudai kodi vipi, na wewe ndiye wa kuniletea mbuzi wa mahari?"

Damu ikamchemka Murithi. "Na mama yangu alale wapi?"

"Mama? Huyo sasa ni mzazi mwenzangu, ni mgeni wangu. Mgeni halipi kodi. Achukue vyumba vyote viwili mpaka apone."

Kathure akavua viatu.

Ndipo Wambeti akaingia, ametoka shuleni Kibugu kufundisha masomo ya ziada, vumbi la chaki bado mikononi. Alisimuliwa yote akiwa amesimama. Alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamkagua Murithi kutoka viatu kwenda juu.

"Ako na kazi?"

"Ni karani wa kaunti," Mutembei akasema haraka.

"Ako na nyumba?"

Mutembei akaanza kukusanya majani ya mgomba mezani.

"Basi atafute kwanza. Akipata, aje aniulize mimi mwenyewe. Mimi sikufungua kitu."

Mwalimu akamsindikiza Murithi, Mutembei akifuata nyuma, hadi nje kwa heshima zote za mkwe, akafunga lango. Kupitia nafasi ya mabati ya lango, mlango wa chumba ukiwa wazi, Murithi akamwona mama yake amejinyoosha kitandani, mchana kweupe, usingizi umembeba. Alifurahi mpaka akataka kulia, na akaudhika mpaka akataka kulipiga teke lile lango. Halafu akamwacha Mutembei aelekee stendi peke yake, akabisha kwa jirani kuuliza kama wana chumba.