Mikakao ya Tumbo Moja

Devota aliukata mti wa Lukelo kwa mkono wake mwenyewe, wiki ya arobaini ya msiba. Lukelo, mwanawe, alizama mtoni Kilombero akivua, miaka ishirini na miwili, hajaoa, hajaacha hata mtoto wa kusingiziwa. Kila Devota alipoingia shambani, ule mti ulimtonesha. Basi akaukata, akachimbua kisiki, akakichoma. Uchungu wa mzazi usiuulize.

Wala haukuwa mti wa kuringia. Lukelo aliuotesha kwa mbegu aliyoitoa kijiji cha Mbingu, ukakua umepinda, ukawa unazaa matunda matatu manne. Mikakao mingine thelathini, baba yake, Agapiti, aliibebesha yote, akiunga kwenye kila mche kikonyo cha mti mmoja uleule uliozaa sana, akatamba kijiji kizima. "Mbegu ni bahati nasibu," alizoea kusema. "Mimi nabebesha."

Misimu miwili ikapita tangu mti ukatwe. Mikakao ilichanua shina zima, maua yakadondoka yote. Agapiti akaapa kwamba mvua hizi zikipita bila tunda, anang'oa shamba apande mpunga kama majirani. Hapo Devota akagutuka, maana kila shimo la shamba lile lilichimbwa na Lukelo. Akaenda Ifakara kumtafuta mtu wa ugani.

Akaja binti aitwaye Happyness, kwa pikipiki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Maua yanadondoka tu. Wadudu wa kuyachavusha wametukimbia?"

Happyness akafukua majani yaliyooza chini ya miti. "Visubi wapo tele, wanazaliana humu na kuingia kila ua. Shida ni chavua wanayobeba. Mpunga unajichavusha wenyewe, hausubiri mdudu. Mikakao yenu ni ya tumbo moja, mama, na ndugu hawaoani. Ua likiletewa chavua ya nduguye linaikataa. Zamani hapakuwa na mti wa mbegu nyingine?"

Agapiti akatazama chini. Alijua nani kaukata, hakumtaja mkewe. Kwa hilo tumsifu.

"Ulikuwepo," Devota akasema. "Niliukata mimi."

"Basi huo ndio uliokuwa baba. Msikate tamaa, nitawaletea miche ya mbegu tofauti, shamba litazaa tena."

Agapiti akashukuru mara tatu. Devota hakuwa na habari na miche.

"Baba wa matunda yote? Hata ya miti hii mingine?"

"Ndiyo, mama. Kila mbegu, nusu yake ilitoka kwenye mti ule."

Misimu minne kabla ya msiba walivuna. Walipasua matunda, wakazivundika zile mbegu, wakazianika juani mpaka zikafa, magunia yakaondoka. Hawakupanda hata moja, kwa kuwa Agapiti ni mtu wa kubebesha.

Devota akakaa palepale kwenye majani, akalia kama siku walipomtoa Lukelo mtoni. Agapiti akamshika bega, akamuuliza kwa upole analilia nini, na shamba limeshapona.