Ndama wa Batula Ndani ya Seng'enge

Mwaka wa tatu sasa mawingu yalipita juu ya Garsen kama wageni wenye haraka, hata salamu hawatoi. Batula hakuyakasirikia. Mawingu ni ya Mungu. Seng'enge ilikuwa ya Suleiman, mtoto wa marehemu dada yake.

Suleiman alikuwa ameifunga malka, njia ambayo ng'ombe wa Waorma walishukia mtoni tangu enzi za mababu. Akaweka pampu, akapanda nyasi za kuuza. Sasa Dima, ng'ombe wa mwisho wa Batula, mwenye ndama mchanga, alizunguka mbali kutafuta maji, na mbavu zake ungezihesabu hata ukiwa umefumba macho. Safari nyingine kama hiyo, harudi.

Na huyo huyo Suleiman ndiye aliyewaita watu kwenye swala ya kuomba mvua!

"Kesho asubuhi, uwanjani mbele ya shamba langu, mama mdogo," alisema, kanzu ikinukia udi. "Njoo na mifugo. Sheikh amesema ndama watengwe na mama zao walie, Mungu aturehemu."

"Fungua malka kwanza."

"Mvua ikinyesha hutaihitaji."

"Na isiponyesha?"

"Ndiyo maana tunaomba!" Akacheka, akawasha pikipiki.

Batula aliimwaga chai yake mchangani. Kisha akaenda kwa shoga yake Kibibi, Mpokomo mwenye mtumbwi.

"Shoga, unabeba abiria wa miguu minne?"

"Ana pembe?"

"Bado."

"Basi mlete alfajiri. Akininyea, utaosha mwenyewe."

Asubuhi uwanja ulijaa. Sheikh alisali nao, akageuza joho lake kama ilivyo sunna ya swala ya mvua, akawaambia kila aliyemdhulumu mwenzake arudishe haki, kwani dhuluma huzuia mvua. "Amin!" akanguruma Suleiman kutoka safu ya mbele, kwa sauti kuliko wote. Batula, nyuma na wanawake, aliuma meno asije akaropoka.

Hapo ndama wa Dima akalia. Sauti ilitoka katikati ya nyasi za Suleiman, kando ya mto.

Dima aliinua kichwa. Ng'ombe yule aliyekuwa haamki bila kusukumwa akatoka mbio, akaipiga seng'enge kwa kifua. Nguzo zilikuwa za miti ya mathenge, zimesimikwa mchangani, zikalala. Ng'ombe wengine, wakisikia harufu ya maji, wakamfuata.

"Nani kafunga ndama shambani kwangu?" Suleiman alipiga kelele.

"Mimi, mwanangu. Sheikh kasema tuwatenge. Upande gani, hakusema."

Watu wakaangua kicheko. Sheikh akakohoa ndani ya joho.

"Molu! Lete nyundo! Simamisha nguzo hizi sasa hivi!" Suleiman akamwamuru kibarua wake.

Batula akateremka hadi kwenye pengo, akaketi juu ya nguzo iliyoanguka.

"Mwache alete. Mungu akininyima mvua nitanyamaza, yeye ndiye aliyeiumba. Wewe mto huu uliuumba lini, Suleiman? Nilikubeba mgongoni kukuleta kunywa hapa hapa! Nani alikuzuia?"

Hakuna aliyecheka tena. Kibibi akaja kuketi karibu naye, matope ya mtumbwi yangali miguuni. Wakafuata wanawake wengine, Waorma kwa Wapokomo, hadi pengo likajaa mabuibui na leso. Nyuma yao Dima alikunywa bila kuinua pua, ndama akimvuta chuchu.

Molu alifika na nyundo. Akawatazama wanawake, akautazama mto. Akaiweka nyundo chini, taratibu, akaenda nyumbani kuleta mbuzi wake.