Sauti ya Mama Kwenye Gari la Afya

Delwar alikuwa anapanga mikate kwenye spaza yake, duka dogo la mtaani huko Troyeville, gari la afya lilipopita na kipaza sauti juu. Tangu korona ianze lilikuwa likitangaza kwa Kiingereza na Kizulu, na Wabengali wa mtaa ule waliliacha lipite. Asubuhi hiyo lilitangaza kwa Kibengali cha kwao Noakhali, kwa sauti ya marehemu mama yake.

"Naweni mikono," alisema mama. "Mwenye homa aje uwanjani apimwe. Hakuna atakayeulizwa karatasi."

Mayasa, mwanamke wa Tanga aliyeshona barakoa mlango wa pili, alichungulia.

"Delwar bhai, nani huyo anafoka hivyo?"

"Mama yetu, dada. Alifariki mwaka ule wa mafuriko."

"Loo. Kwa sauti hiyo hata ugonjwa utamtii."

Dereva alipoulizwa alisema kazi yake ni usukani tu.

Mizan, mdogo wake Delwar, alikuwa na homa na kifua kilimbana. Karatasi zake za ukimbizi zilikwisha muda ofisi yenyewe ikiwa imefungwa, kwa hiyo alijiuguza nyuma ya duka, kati ya magunia ya unga. Mabango ya korona hayakumtoa humo, wala maneno ya kaka yake. Kwa sauti ya mama, alivaa viatu.

Alipotoka, gari lilikuwa nyuma yake.

"Mizan!" aliita mama. "Kaza mwendo, mwanangu."

Delwar aliacha mikate. Kwao anayeanza safari haitwi kwa nyuma, ni nuksi. Akiitwa, hurudi akakaa kidogo ndipo aondoke tena. Mama yao aliwahi kukata katikati ya mpunga wa jirani ili amtangulie baba yao, ampe mwavuli tu bila kumwita. Delwar naye alikimbia akamtangulia mdogo wake.

"Rudi ukae kwanza."

"Kaka, huyu ni Ma." Mizan alicheka mpaka akakohoa. "Ma naye atanidanganya?" Akampita, akaendelea.

Uwanjani walimpima joto, kisha akaulizwa karatasi. Lori la polisi lilikuwa limeegeshwa kivulini. Mayasa, aliyekwenda huko kuuza barakoa, ndiye aliyerudi na habari.

"Wamewapakia, bhai. Nikamwuliza nesi, si mlisema hamuulizi? Akasema wao hawaulizi. Wanaouliza ni wale wengine."

Simu ya Mizan iliita bila kupokelewa, kisha ikazimwa. Delwar hakuweza kwenda kumtafuta. Karatasi zake mwenyewe zilikuwa zimekwisha muda vilevile.

Gari liliendelea kupita, baadaye likitangaza chanjo. Wabengali walifunga milango likikaribia, bila hasira, kama mtu afungavyo dirisha vumbi likija. Delwar peke yake hakufunga, kwa kuwa ni mama yake. Hata alipopata homa aliendelea kukaa kauntani, na siku hiyo gari lilisimama mbele ya duka.

"Delwar, umekula?"

"Nimekula, Ma."

"Mbona sauti imekauka? Njoo uwanjani. Hakuna atakayeulizwa karatasi."

"Nitakuja, Ma."

"Na Mizan, hajambo?"

Delwar alikohoa ndani ya kiwiko, kama mama alivyokuwa akiwafundisha kutoka garini.

"Hajambo. Amelala tu."

Mama aliridhika. Gari lilisogea hadi mtaa wa pili, akaanza kuwaita watoto wa watu wengine.