Siku Waliyoanua Nguo Zote

Ofisini walimwita Kimya. Jina lilianza kama mzaha wa Mpimaji, bwana wa maneno mengi aliyekaa dawati la jirani, na kwa kuwa binti mwenyewe hakulipinga, likamganda. Hata Mkuu wa kitengo cha mipango alilitumia bila kufikiri.

"Kimya, upande wa mashariki umeshapaka rangi?"

"Bado kidogo, Mkuu."

Ramani ya upanuzi wa bustani ya jiji ilitandazwa juu ya meza kubwa, imekandamizwa pembe zake kwa vikombe vya chai. Kila kipande cha ardhi kilitakiwa kuwa na rangi. Nyumba njano, maduka nyekundu, shule na zahanati buluu. Mahali pasipotumiwa na mtu palipakwa kijani, maana huko ndiko bustani ingepanukia, pamoja na jukwaa, nyasi, na sehemu ya watu kukutana. Kilibaki kipande kimoja tu, kati ya ukuta wa bustani na bomba la maji la mtaa. Katika picha iliyopigwa kutoka angani kilionekana kama mkeka wa udongo wenye vijiti vilivyosimama. Pembeni Mpimaji alikuwa ameandika neno moja: tupu.

Vijiti vile Kimya alivijua kimoja kimoja. Cha kona kilikuwa chuma cha kitanda kilichovunjika zamani. Kile kilichopinda alikipinda yeye mwenyewe utotoni kwa kukipanda, na alichapwa kwa sababu hiyo. Zilikuwa nguzo za kuanikia nguo. Mama yake na wenzake walifua pale tangu yeye akibebwa mgongoni: mashuka ya nyumba za wageni, sare za wauguzi, mashati ya maofisa waliopeleka nguo zao kwa dobi wa mjini bila kujua dobi naye huzipeleka kwa nani. Mama yake ndiye aliyenunua kamba za kwanza, ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Kamba. Ada ya chuo ilitoka kwenye kamba hizo, na cheti chenyewe kilitundikwa ukutani nyumbani kwa kibanio cha nguo mpaka fremu ilipopatikana.

Siku picha ilipopigwa mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikakatika kwa muda mfupi tu. Nani aanike kwenye mvua?

Kimya alisimama mlangoni kwa Mkuu mpaka Mkuu mwenyewe akainua kichwa.

"Mbona umenasa hapo? Ingia."

"Ni kile kipande cha bombani, Mkuu. Si kitupu."

"Picha inaonyesha kitupu."

"Mvua ilinyesha siku ile. Kuna wanawake wanafua pale, wanaanika. Ni wengi."

"Wewe umejuaje?"

Hapo ndipo angesema. Neno lilifika mpaka kwenye meno. "Huwa napita," akajibu.

Mkuu alivua miwani, akajisugua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo Kimya alilishikilia sana baadaye, lisimsaidie kitu. "Sikiliza," alisema. "Mimi sipendi kumvunjia mtu riziki yake. Jumatano tutakwenda nikaone kwa macho yangu. Nikikuta watu wapo kazini, mpaka tutauzungusha, na wao tutawajengea sakafu ya saruji na mabomba yao wenyewe. Nikikuta hakuna kitu, ramani inabaki hivi hivi, na Alhamisi inakwenda kwa madiwani. Ila usiende kuwapanga. Nimepangiwa watu mpaka nimechoka. Unafika unakuta mzee ameletwa na kiti chake anakuambia kitovu chake kimezikwa hapo, ukiuliza jirani anasema amehamia juzi. Nataka niwakute walivyo."

"Sitawaambia."

"Huyo, Mkuu?" Mpimaji alidakia kutoka nje. "Huyo hata ukimlipa aseme, atakurudishia hela."

Walicheka, na Kimya alicheka pia, kwa sababu kwa mara ya kwanza jina lake lilikuwa na faida. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo aliyopewa. Wanawake wale walifua kila siku ya kazi. Kilichotakiwa ni yeye asiseme na wao waendelee, basi.

Jumanne jioni alimkuta mama yake akipiga pasi blauzi nyeupe, ile ya mahafali. Vidole vya mama vilikuwa vimekunjamana kwa maji kama kawaida, na alikuwa anaimba kwa sauti ya puani, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Kesho utavaa hii."

"Kesho kuna nini, mama?"

"Kwani mtu akipendeza lazima kuwe na harusi? Vaa."

Kimya alitazama pembeni. Alikuwa na siri yake, na mwenye siri hana muda wa kuona ya mwenzake. Hakujiuliza kwa nini chumba hakikuwa na hata furushi moja la nguo za watu. Mlangoni alichungulia jirani yao, mwenzake mama kwenye kufua, aliyeitwa Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia.

"Mama Kamba, ule ufagio wangu uko kwako? Maana pale bado kuna..." Aliona jicho la Mama Kamba, akameza.

"Leo Redio imekatika?" Kimya aliuliza.

"Betri, mwanangu," alijibu Redio, akaondoka haraka.

Jumatano gari la ofisi liliwapeleka Mkuu, Mpimaji na Kimya. Mkuu alivaa shati la mistari ya buluu ambalo Kimya aliwahi kuliona mahali, ila hakukumbuka wapi. Walipokata kona ya bombani, moyo wake ulikuwa umeshatangulia kutafuta mashuka meupe yanavyotuna kwa upepo.

Hapakuwa na shuka. Hapakuwa na hata soksi. Kamba zote zilikuwa zimefunguliwa, na nguzo zimebaki uchi. Udongo ulikuwa umefagiwa mpaka michirizi ya ufagio ikaonekana, ukanyunyiziwa maji kutuliza vumbi. Katikati palipangwa viti vya plastiki na meza yenye kitambaa cheupe, ambacho Kimya alikitambua kuwa ni shuka la nyumba ya wageni. Nyuma ya viti walisimama kina mama wa bombani wamevaa nguo zao za kwendea shughuli, wakiwa wamekunja mikono mbele kama watoto wanaosubiri kupigwa picha. Mama yake alikuwa wa kwanza kushoto.

"Karibuni sana," alisema mwenyekiti wa mtaa. "Tulipata barua ya kwamba mnakuja kukagua eneo, tukasema lazima mlikute safi."

"Barua?" Kimya alimnong'oneza Mkuu.

"Ndio utaratibu. Siwezi kuingia mtaa wa mtu bila kumjulisha mwenyekiti." Mkuu alizungusha macho taratibu, nguzo moja baada ya nyingine. "Pazuri," alisema. "Pakubwa kuliko nilivyodhani."

Mama Kamba alikuja mbele kusalimia. Alimpa mkono Mkuu, akampa Mpimaji, kisha akampa binti yake, kwa mikono miwili na kichwa kimeinama kidogo, kama anavyosalimiwa mgeni.

"Karibu, binti."

Kiganja kilikuwa kile kile, kigumu, kinanuka sabuni ya mche. Kilimminya mara moja. Kimya alielewa yote kwa pamoja: blauzi, ufagio, ule wimbo wa puani. Barua ilikuwa imemtaja Mkuu, na mama yake alijua kwamba ndiye mkubwa wa binti yake. Alikuwa amelala na furaha hiyo kama mtu aliyeficha zawadi chini ya mto. Hakutaka mkubwa huyo aje apishane na nguo za ndani za watu, kisha aambiwe hii ndiyo ofisi ya mama mzazi wa msomi wako.

"Mama," Mkuu alianza kwa upole, "hapa huwa mnafanya shughuli gani?"

"Tunapaangalia tu, baba. Tunapafagia."

"Nimesikia kuna watu wanafua na kuanika."

Kina mama walitazama chini. Mwaka uliopita askari wa jiji walikuja bila salamu, wakazikata kamba kwa visu na kuondoka na mashuka, na fidia ya mashuka hayo ilitoka mifukoni mwa kina mama. Redio alifungua mdomo. Kiwiko cha jirani yake kikamfikia mbavuni, akaufunga.

"Wafue hapa?" alisema Mama Kamba. "Hapana, baba. Hii mali ya jiji. Sisi hatuwezi kuichezea mali ya jiji."

"Na hizi nguzo?"

"Tulizikuta."

Kimya alisogea mbele hatua moja. "Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Mpimaji aligeuka kuona nani kaongea. "Waambie ukweli. Hakuna atakayewafanya kitu."

Mama yake alimtazama. Yalikuwa macho ya heshima kabisa, ya mtu na afisa. "Ukweli ndio huo, binti. Labda umetufananisha na wa mtaa mwingine."

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Mpimaji alikohoa kuficha kicheko. Mkuu alimshukuru mwenyekiti, akakubali soda, akanywa nusu amesimama. Muda wote huo Mama Kamba hakumtazama usoni, alikuwa akilitazama shati lake.

Gari liliingia barabara kubwa.

"Haya, Kimya," alisema Mkuu. "Nimekwenda, nimeona. Usijisikie vibaya. Bora mtu aulize."

"Yule ni mama yangu."

Mpimaji, aliyekuwa kiti cha mbele, aliacha kubonyeza simu.

"Yule aliyejibu. Anafua pale kila siku. Juzi walikuwepo, kesho watakuwepo. Waliondoa nguo kwa sababu sisi tunakuja." Hakuwahi kusema maneno mengi hivyo kwa mpigo mbele ya Mkuu. Yaliendelea kutoka yenyewe. "Wanaogopa askari. Turudi kesho asubuhi, Mkuu. Bila barua."

Mkuu alimgeukia. Alipoongea hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Nilipokuuliza umejuaje, ulisema unapita."

"Ndiyo."

"Sasa nifanyeje? Nimefika na shahidi, nimeuliza mbele ya mwenyekiti, nimejibiwa hakuna kitu. Nikiuzungusha ule mpaka leo, kesho diwani ataniuliza kwa nini, na jibu ni kwamba pale yupo mama wa mfanyakazi wangu. Unaona inavyosikika? Ungeniambia siku ile, ningemtuma mtu mwingine, kazi ingefanyika vizuri. Sasa hata ukweli ukiusema wewe, unanuka." Alishusha kioo kidogo. "Na neno hilo liishie humu garini. Kwa faida yako."

"Mimi sijasikia kitu," alisema Mpimaji, na kwa mara ya kwanza hakutania.

Mchana huo Kimya alipaka rangi kile kipande. Aliivuta kalamu kutoka ukutani kwenda bombani, kijani juu ya kijani, asiache mwanya, kwa sababu kazi yake alikuwa akiifanya vizuri hata pale ambapo angetamani mkono utetemeke. Juu yake aliandika kwa herufi nadhifu, kama alivyoelekezwa: Uwanja wa Jamii.

Jioni hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipita bombani. Mama yake na Redio walikuwa wanarudisha kamba, wameshavaa kanga zao za kazi, na kando yao kulikuwa na mabeseni yaliyojaa nguo za siku mbili.

"Huyo anakuja, afisa wetu," alisema Redio. "Mama yako anastahili kulipwa kwa uigizaji. Mimi nilikuwa nakaribia kupasuka."

"Wewe ulikuwa unakaribia kuniumbua," alisema Mama Kamba. Uso ulimng'aa. "Mkubwa wako alifurahi?"

"Alifurahi, mama. Alisema pazuri."

"Na lile shati lake umeliona? Kifungo cha tatu nilikishona mimi, kwa uzi usiofanana. Yeye ananiuliza maswali, mimi naomba tu kisikatike mbele za watu."

Redio alicheka mpaka akashika nguzo. Kimya alisubiri amalize. Kisha akawaambia, kwa maneno machache maana hayakuhitajika mengi: bustani, ukuta utakaobomolewa, jukwaa, madiwani kesho. Na kwamba Mkuu alikuja kuangalia kama kuna wanaofanya kazi pale, ili awaachie.

Redio aliiachia nguzo. Bomba liliendelea kudondosha matone kwenye ndoo ya mtu.

"Alitaka kuona nguo?" aliuliza mama yake.

"Ndiyo."

"Nguo tu?"

"Nguo tu, mama. Hata kamba moja."

Mama Kamba alitazama lile eneo walilolifagia, ambalo michirizi ya ufagio ilikuwa bado haijafutika, isipokuwa pale viatu vya wageni vilipokanyaga. Alikuwa na ncha ya kamba mkononi, na akaizungusha kwenye kiganja, akaikunjua, akaizungusha tena.

"Lakini wewe hukuaibika," alisema hatimaye. "Mbele yake. Hukuaibika?"

Kimya alitafuta jibu ambalo lisingekuwa uongo, hakuliona.

"Sikuaibika, mama."

"Basi shika hapo." Alimpa ile ncha, naye akaenda na nyingine mpaka kwenye nguzo iliyopinda, akaanza kufunga kwa nguvu kama mtu anayetarajia ikae miaka. "Mashuka ya watu hayawezi kulala na maji. Vuta. Vuta, mwanangu, imelegea."

Kimya alivuta.