Gari Linalochoka Mlimani

Gari lile, wallahi, lilikuwa na roho mbaya. Kwenye tambarare lilikwenda kwa adabu zake zote. Likifika katikati ya mlima wa hospitali, nguvu kwisha. Mwenye gari, mshonaji wa nguo, anakanyaga mafuta mpaka mguu unagusa bati, gari linakohoa, linatetemeka, linagoma. Ukilizima likapumzika kidogo, linawaka kama si lenyewe. Kwa hiyo kila fundi alilikuta zima, na mshonaji akaonekana mwongo. Alibadilisha plagi, koili, chujio la mafuta. Wapi!

Na huko juu ndiko mke wake alikokuwa akisafishwa damu. Figo zilikuwa zimekufa, na magari ya kukodi yaliikwepa barabara ile mbovu. Safari iliyopita walikwama, wakafika zamu yao imepita, wakarudishwa. Daktari hakupindisha maneno: wakikosa na leo, maji yatamjaa mapafuni.

Asubuhi mshonaji alisimama uani, mikono yote miwili juu ya boneti.

"Nakuomba," aliliambia gari. "Leo tu. Ukitaka kufa, ufe tukisharudi."

Mke wake alimwona kutoka mlangoni. "Makubwa! Hata siku ya posa hukunibembeleza hivyo."

Mshonaji hakucheka. Usiku kucha alikuwa akisikiliza pumzi za mwanamke huyo.

Safari hii alikuwa amemwita Fundi Sikio, aliyepewa jina hilo kwa sababu hagusi injini kabla ya kuisikiliza. "Ugonjwa wa kuja na kuondoka haukamatwi gereji," fundi alisema. "Tunapanda nao." Akaunga geji ya presha, ya kupimia msukumo, kwenye njia ya mafuta, akapitisha mpira wake nje ya boneti, akaibandika geji kwenye kioo cha mbele. Yeye akakaa mbele na mshonaji. Mke akakaa nyuma, miguu imevimba.

Katikati ya mlima, gari likaanza vituko vyake.

"Kanyaga!" fundi alisema.

"Nimekanyaga! Ee Mungu wangu, si leo!"

Mshale wa geji ulikuwa ukiporomoka. Fundi akapiga goti lake. "Nimekukamata! Injini inanyimwa mafuta. Zima." Wakangoja. Walipowasha tena, mshale ukapanda mpaka mahali pake. "Umeona? Kuna kitu kinavutwa kwenye mdomo wa pampu, kinaziba. Likizimwa, kinaachia. Pampu imo ndani ya tangi, chini ya kiti cha nyuma. Mama, samahani, itabidi ushuke."

Mama hakusogea. "Acheni," alisema. "Turudi nyumbani."

"Turudi?" Mshonaji alipandisha sauti. "Unajua leo ni siku gani wewe?" Akambeba, akamkalisha kwenye ukingo wa mtaro, akamkunjia koti lake mgongoni.

Fundi aling'oa kiti, akafungua kifuniko, akaivuta pampu taratibu. Mdomoni mwake kilikuwa kimejiviringisha kitambaa kinachochuruzika petroli.

Mshonaji hakuhitaji kuambiwa kimetoka wapi. Ilikuwa bitana aliyoikata kwa mkasi wake mwenyewe.

"Hasidi!" alifoka. "Nani huyu anayetaka kuniulia mke? Nikimjua nitamla nyama!"

"Ni mimi," mke wake alisema.

Fundi akakumbuka ghafla kwamba kuna spana anaitafuta upande wa pili wa gari.

"Wewe?"

"Nilikisukuma kwenye tundu la kujazia mafuta kwa waya wa hanga."

"Kwa nini, mama watoto?"

"Nilikwambia nimechoka na zile sindano, ukasema nitazoea. Nikakwambia tena, ukafungulia redio. Lakini gari likikohoa mara moja tu, unaacha kazi, unalifungua, unaliuliza linaumwa wapi." Akakatiza maneno, akavuta pumzi kwa shida. "Nikaona basi, gari linisemee."

Mshonaji akakaa palepale kwenye vumbi, mbele yake.  Akalia, mtu mzima yule, bila hata kujifuta.

Baadaye, pampu na kiti vikiwa vimerudishwa, injini ikawaka. Fundi akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mshale umesimama imara na sasa gari litapanda hata ukuta. 

"Unataka nigeuze?" mshonaji aliuliza.  Aliogopa jibu kuliko alivyowahi kuogopa mlima.

Mke wake aliutazama mlima, kisha akamtazama yeye.

"Leo nipeleke," alisema. "Lakini zamu ijayo usiniingize garini kabla hujaniuliza."

"Na ukisema hapana?"

"Utalizima gari, uje ukae na mimi."

Mshonaji alitaka kusema haiwezekani. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza, akamshika mkono, akamwinua.

"Nitalizima," alisema.